Gome Ndani ya Mchuzi wa Baba Mkwe

Niliishi ua mmoja na baba mkwe wangu, hapa Ikolo, tangu niliporudi kutoka Mwaya hadi alipofariki, na sikupata kuuona uso wake. Vijana wa siku hizi wakisikia hivyo hudhani tuligombana. Kwetu Wanyakyusa desturi hiyo huitwa ukutila: mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hatamki jina lake wala neno linalofanana nalo. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Wazee wa rika lake nao huepukwa vivyo hivyo. Kwa hiyo nilikijua kikohozi chake, nikazijua nyayo zake kwenye udongo uliolowa, kwa kuwa kidole gumba cha mguu wa kulia kilielekea nje, na nikaijua sauti yake kupitia ukuta wa mianzi. Yeye alinijua kwa chakula.

Kupika kuku kwa namna ya Kihindi nilijifunza Mwaya, kando ya ziwa, siku za Wajerumani, kabla ya vita. Mume wangu alitafuta kazi ya kupakua mizigo katika duka la Mhindi mmoja ili apate kodi ya serikali. Nami nikawa namtwangia mpunga mke wa huyo Mhindi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na changu kilikuwa kidogo zaidi, hivyo nilijifunza kwa kutazama mikono.

Aliyeyusha samli kwanza. Katika samli alitia mdalasini, iliki na karafuu, vyote vizima, akavikaanga mpaka vinukie. Ndipo vikafuata vitunguu, navyo havikuachwa mpaka vifanane rangi na chungu. Kisha tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, kisha bizari, kisha kuku aliyekatwakatwa. Mwisho alimimina maziwa mgando kidogo kidogo huku akikoroga, yasije yakakatika. Nilipojaribu kutia maziwa kabla ya kuku kuiva alinishika mkono, akaurudisha kwenye mwiko.

Siku ya kwanza aliyonipa nile, nilikuta kipande cha mdalasini nikakitia kinywani.

"Hii hapana kula," aliniambia. "Hii nukia tu. Wewe tafuna mti, kama mbuzi?"

Akacheka, nami nikacheka, nikakitoa. Yeye alivitoa vipande vyake kimoja kimoja, akavipanga kwenye ukingo wa sahani.

Nilipopata mimba, mume wangu alinirudisha Ikolo kwa mama yake, yeye akabaki Mwaya. Kabla sijaondoka, mke wa Mhindi alinifungia viungo katika kitambaa, mafundo manne, kila aina na fundo lake.

Masika hayo baba mkwe aliugua homa. Homa ilipoondoka iliondoka na hamu yake ya kula. Alikonda hata hatua zake nikaanza kuzisikia nyepesi, kama za mtoto. Mama mkwe alinijia jikoni na bakuli lililorudi limejaa.

"Anazitazama ndizi kama mtu anayetazama mawe ya mtoni," alisema.

"Na maziwa, mama?"

"Maziwa anampa mbwa. Mbwa amenenepa, tutamchinja yeye. Jana nimemuuliza, nikutafunie? Akasema, tafuna, kisha umeze wewe." Akakaa kwenye kigoda. "Pika kile cha Kihindi. Kile ulichojipikia ulipofika, kilichonukia mpaka nguo zangu zikawa zinanitia njaa."

Nilitumia chungu kipya cha Ikombe. Wanawake wa Kikisi wa huko huvileta vyungu kwa mitumbwi, na bei ya chungu ni nafaka ya kukijaza. Chungu kilichokwisha kupikiwa samaki hakifai kwa kazi hii, maana udongo hausahau samaki. Nilifuata mpango wote kama nilivyouona Mwaya. Mdalasini wa dukani pale ulikuwa mnene, na kipande nilichotia kilikuwa na urefu wa kidole.

Aliyepakua ni mama mkwe. Kwetu kilicho bora huwekwa juu ya bakuli, mlaji akione kwanza. Mama mkwe aliutazama mchuzi, akapita mapaja ya kuku, akachukua ule mdalasini akauweka juu kabisa, katikati. Mimi nilikuwa nimeinama motoni, sikuona.

Baba mkwe alikuwa barazani na wazee wawili wa rika lake waliokuja kumjulia hali. Mazungumzo yao yalikatika.

"Hiki nini?" nilimsikia akiuliza.

"Gome," alijibu mmoja wao.

"La mti gani?"

Walilinusa kwa zamu. "Si wa huku," yule mzee alisema mwishowe.

Asiye wa kwetu inafaa aelewe jambo hili. Gome kwetu ni dawa. Dawa hutolewa na mganga, mgonjwa akijua na watu wakijua. Gome lililokutwa ndani ya chakula, tena limetoka katika mkono wa mwanamke wa ukoo mwingine, lina jina moja tu, na watu hawalitamki kwa sauti.

"Nani amepika?"

"Mke wa mwanao," mama mkwe alisema.

Nilisikia bakuli likisukumwa, udongo ukikwaruza udongo.

Jioni ile shauri lilikuwa limekatwa. Mume wangu ataitwa kutoka Mwaya. Akifika, atanirudisha kwa baba yangu na mimba yangu, kisha wazee wa pande mbili wataanza maneno ya kurudisha ng'ombe wa mahari. Mtu niliyehitaji kumweleza alikuwa ndiye nisiyeruhusiwa kusema naye.

"Ni mimi niliyeliweka juu," mama mkwe aliniambia. "Nilidhani ndilo lenye nguvu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Anasema ninasema uongo kwa sababu nakupenda."

Nilifikiri kwa mpangilio, maana kulia nilikuwa nimekwisha kulia. Wazee waliogopa kitu kilichofichwa. Basi kisiwepo kilichofichwa. Asubuhi nilimwomba mama mkwe apeleke ombi langu: nipike tena, uani, mchana, na kila kitu kitajwe kabla hakijaingia chunguni. Wazee wakae upande wao wa ukuta wa mianzi, mimi upande wangu, na mama mkwe asimame kwenye pembe ya ukuta, mahali anapoonwa na pande zote mbili.

Baba mkwe alikubali, akawaita tena wale wazee wawili.

"Mwambie mtu wa nyuma ya ukuta aanze," nilimsikia akisema.

"Anasema uanze," mama mkwe aliniambia.

"Mama, mwambie hii ni samli ya ng'ombe wake mwenyewe."

"Anasema samli ni ya ng'ombe wako."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Kama umesikia, mbona mnanisimamisha hapa juani?"

Mzee mmoja alicheka, akajikohoza kuficha.

Tuliendelea hivyo, kitu kwa kitu. Iliki ilipelekwa upande wa pili ikanuswa, ikarudi. Karafuu ilinuswa ikarudi. Tangawizi na vitunguu hawakuvitaka, wanavijua. Kisha sauti ya baba mkwe ikabadilika.

"Mwambie sasa alete gome. Alivunje katikati. Nusu ale yeye kwanza."

Nilivunja mdalasini, nao ulilia kama kijiti kikavu. Nikatia nusu kinywani nikatafuna. Nilimkumbuka yule mwanamke wa Mwaya na mbuzi wake. Ulikuwa mkavu, mtamu mwanzoni, halafu ukawaka ulimini na kooni, lakini niliumeza wote.

"Anatafuna," mama mkwe alitangaza. "Anameza. Sasa machozi yanamtoka."

"Machozi ya nini?"

"Mama, mwambie linaunguza," nilisema. "Mwambie hata wenyewe hawalili. Kazi yake ni kunukia tu. Likishanukia hutolewa, likawekwa kwenye ukingo wa sahani."

Mama mkwe hakurudia, kwa kuwa wote walikwisha kusikia. Alikuja akachukua ile nusu ya pili kutoka kiganjani mwangu, akaipeleka. Nikasikia meno ya baba mkwe yakilivunja. Nikasikia kikohozi chake.

"Je?" mwenzake aliuliza. "Unakufa?"

"Bado. Ngoja kidogo."

Tukangoja. Kuku mmoja aliyesalimika alikuwa akichakura karibu na chungu, na hakuna aliyemfukuza.

"Tamu," baba mkwe alisema. "Kisha linachoma." Akameza. "Hata hivyo, kama ni la kuua, tumekwisha sote watatu. Mimi, na yeye, na huyo wetu aliye tumboni mwake."

Aliposema *wetu* nilikaa chini. Mama mkwe alinitazama, akamgeukia yeye. "Kwa hiyo nimwambieje?"

"Mwambie apike. Harufu hiyo inanitesa."

Wazee wote watatu walikula. Bakuli liliporudi lilikuwa tupu, na kwenye ukingo wake karafuu, iliki na kipande kingine cha mdalasini nilichotia chunguni vilikuwa vimepangwa kwa mstari, vimelambwa vikawa safi. Mume wangu alipofika alikuta baba yake akimlaumu kwa kuja bila mzigo wa mdalasini.

Tangu siku hiyo baba mkwe alirudiwa na nguvu zake, na kila nilipompikia kuku huyo bakuli lilirudi hivyo hivyo, viungo ukingoni. Hatukuivunja desturi. Lakini nilipokosea, tuseme karafuu zimezidi, alizitenga zile za ziada pembeni peke yake, nami nilielewa.

Vita vilipokuja, duka la Mwaya lilifungwa na viungo vikakatika. Siku moja nilipika kuku kwa tangawizi, ndimu na maziwa mgando tu. Binti yangu, yule aliyekuwa tumboni, alikuwa amekua wa kutosha kubeba bakuli la babu yake, na wajukuu hawana ukutila. Alilirudisha akilishika kwa mikono miwili. Lilikuwa tupu, na kwenye ukingo palikuwa na kipande cha gome bichi, limebanduliwa muda si mrefu kwenye mti wa uani.

"Babu anauliza gome lake limekwenda wapi," alisema.

"Mwambie limekwenda vitani," nilijibu. "Mwambie litarudi, nami nitampikia."

Alikimbia. Nikasikia upande wa pili wa ukuta mzee akicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie ndaga," alishukuru, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtoto aliyesimama karibu naye.