Mbuzi Kwenye Mihogo

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, na kwa kawaida ni mwanamume, maana mama ana mzigo kichwani. Ukimtazama usoni utatozwa mbuzi, na watu watakucheka hata baada ya mbuzi huyo kuliwa. Nayasema haya mapema ili vijana wa siku hizi, wanaokaa meza moja na wakwe zao wakigombea paja la kuku, wasije wakaniuliza kwa nini nilitoka barabarani.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba karibu na Tororo. Robota moja la pamba iliyoshindiliwa na kufungwa liliponyoka juu ya rundo likaniangukia goti la kulia. Hakuna aliyelisukuma, wala sikuwa nimelewa. Lilianguka, nami nilikuwa chini yake. Hospitalini walinifunga plasta kutoka pajani hadi kifundoni, na ilipotolewa niliuona mguu mwembamba, umepauka, nikauangalia kama wa mtu mwingine. Kabla ya hapo nilikuwa mkimbiaji. Kulikuwa na mbio za Krismasi, kutoka kizuizi cha mpakani Busia hadi kiwanja cha mpira huku kwetu Kwapa, na mara mbili nilikuwa nimeshinda blanketi. Zote mbili tulijifunika, mke wangu na mimi.

Msimu wa kupanda ulipofika mke wangu alilima peke yake, akachota maji, akaniogesha, na binti yetu yuko mgongoni wakati wote. Alikonda. Baba yake akaja na wazee wawili. Walikunywa chai, wakaangalia shamba, wakaangalia mguu na fimbo niliyoiegemea. Baba mkwe hakuwa mtu wa kelele.

"Huyu nilikupa awe mke," alisema. "Sasa amekuwa ng'ombe wa kulima. Nakwenda naye. Siku utakapopita mbele ya boma langu bila fimbo, atarudi."

Mke wangu alifunga kitambaa kichwani, akamchukua mtoto, akaenda. Sikumlaumu mtu, mzee alikuwa na haki. Lakini nyumba iliponyamaza nililia, tena nililia vizuri.

Boma lao lilikuwa kando ya barabara ileile ya mbio. Ningeweza kujikokota hadi pale siku yoyote, lakini siku ya kawaida mzee angesema fimbo nimeificha kichakani. Siku ya mbio barabara nzima ni shahidi. Basi nikaanza kufanya mazoezi, kwanza kuuzunguka mwembe, baadaye kwenda kanisani na kurudi. Mguu haukupona. Ulizoea tu.

Nilikuwa na rafiki aliyebeba watu kwa baiskeli pale mpakani, akiwavusha upande huu na ule pamoja na magunia yao. Alipoona nimejiandikisha alishika kiuno.

"Weee! Mguu hiyo ni ya kukalia kanisani, si ya kukimbia."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nilimwambia.

"Koleo haina mke. Haya, mimi nakwenda nyuma yako na baiskeli. Ukianguka nakubeba, na nauli utalipa."

Wakenya walivuka asubuhi kama walivyovuka kila siku, safari hii bila mizigo. Tulikuwa wengi, karibu wote pekupeku, na chifu alipuliza kipenga kabla hatujajipanga. Mpaka darajani goti lilikaa kimya. Baada ya daraja lilipata joto, kisha likaanza kulia ndani kwa ndani, kila hatua. Watu walinipita mmoja mmoja, wakisema pole, na mimi nikijibu asante, mpaka hapakuwa na wa kumjibu. Vumbi lao lilitua. Mwamba wa Tororo ulikuwa mbele yangu, na kila nilipouangalia ulikuwa palepale. Mbele alibaki mwalimu mmoja mnene, aliyekuwa akitembea zaidi kuliko kukimbia, na hata huyo sikumfikia.

Tulipokata kona niliona boma. Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Mke wangu alikuwa kando ya ua. Na katikati ya barabara, akiwa amenipa mgongo, alikuwa mama mkwe mwenyewe, amevaa gomesi, gauni lake refu la maua ya njano, akimnywesha yule mwalimu maji kwa kibuyu, binti yetu ameshika nguo yake.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miezi yote ile nilifikiria goti, fimbo na mzee, na mama mkwe sikumfikiria hata kidogo. Mwalimu alirudisha kibuyu, na mama akaanza kugeuka.

Nikaruka. Heshima si utumwa, lakini siku ile ilikaribia. Mguu mbovu uliingia kwenye mtaro, goti likalia kwa sauti niliyoisikia kwa masikio, nikaanguka kifudifudi kwenye shamba la mihogo. Watu waliosimama kando ya barabara walicheka. Rafiki yangu naye alicheka, nikamsikia waziwazi.

Pale chini nilikata tamaa. Nilijaribu kusimama, goti likakataa. Nikajua mzee ameona, na nikajua mke wangu atabaki pale alipo, na niliogopa kuliko siku ya robota. Karibu yangu palikuwa na mti wa muhogo, mnene, umenyooka. Nikaushika kwa mikono miwili nikaanza kuung'oa, niutegemee.

Ndipo nikasikia sauti kutoka barabarani. Mama mkwe hasemi nawe moja kwa moja. Huongea na mtoto, au na ukuta, nawe unachukua kilicho chako.

"Mjukuu wangu," alisema, "mbuzi ameingia kwenye mihogo yangu. Mwambie asing'oe kitu. Akitoka na mti wangu mkononi, babu yako ataona ni fimbo, na huyo mbuzi atalala peke yake mpaka azeeke. Mwambie atoke na miguu aliyopewa. Mwambie maji nimeyaweka chini. Mimi naingia jikoni."

Binti yetu alikuwa hajafika umri wa kutumwa neno. "Buzi," alisema, basi.

Niliuachia mti. Nikatambaa hadi mtaroni, nikapanda kwa mikono, nikasimama barabarani. Kibuyu kilikuwa pale. Nilikunywa chote. Kisha nikapita mbele ya boma nikichechemea vibaya sana, mikono mitupu, nimeinyanyua juu kidogo ili ionekane. "Krismasi njema, baba," nilisema. Mke wangu alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, sikujua anacheka au analia.

Kawia ufike, wanasema. Nilifika kiwanjani wakati wanakunja kamba. Rafiki yangu alinipigia kengele ya baiskeli, na chifu, aliyekuwa ameshaanza kunywa, akaniuliza natafuta nani.

Mke wangu alirudi kabla ya mwaka mpya, na mtoto na kapu la mihogo. Aliniambia mzee alisema, "Lakini anachechemea." Mama akajibu kutoka jikoni, "Ulisema bila fimbo. Kuchechemea hukutaja." Mzee alimaliza chakula chake, kisha akasema mtoto afungiwe mizigo yake.

Mama mkwe alikufa miaka mingi baadaye. Siku ya mazishi wakwe wa kiume tulikaa nje ya ua, kama inavyotakiwa, na mbuzi wetu. Wangu nilimchagua mkubwa kuliko wote. Jeneza lilipita ndani, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa. Uso wake sikuwahi kuuona, hata siku ile.

Watu husema binti yetu amemfuata bibi yake, macho mpaka kidevu. Akija kututembelea mimi humtazama sana, naye huniuliza, "Baba, kuna nini?" Namwambia hakuna kitu, niletee maji.