Korongo ya Tisa

Mke wa fundi wa baiskeli alikuwa akienda kwa miguu. Mtaa mzima ulikijua kichekesho hicho, na aliyekirudia zaidi ni mke mwenyewe. Baiskeli yake ya chapa ya Korongo, ile ya kike yenye fremu iliyoinama ili gauni lipite, ilikaa nyuma ya karakana na pancha yake wiki nzima huku za wateja zikitengenezwa. Fundi alimwambia ya nyumbani haikimbii. Naye akajibu kuwa ni kweli haikimbii, itakimbiaje bila upepo.

Mungu alimchukua mke huyo mwaka ule wa mvua nyingi, ailaze roho yake pema. Tangu hapo fundi akawa mtu wa kuchoka. Aliamka amechoka, akafungua karakana amechoka, akakaza spoki kwa vidole vilivyoanza kutetemeka. Kilichobaki cha kumpa moyo kilikuwa Korongo. Kiwanda kilichoziunda kilikwisha kufungwa zamani, na vijana waliomletea baiskeli zao za giya hawakujua kwamba Korongo zilikuwa aina tisa. Yeye alizijua: ya mizigo yenye keria pana kama kitanda cha mtoto, ya tarishi, ya mwalimu isiyochafua suruali, na nyingine mpaka hiyo ya kike. Akaamua kuzichora zote kwenye bango moja, kabla mikono haijamkatalia kabisa.

Aligundisha karatasi nne za manila, akazitandaza juu ya meza ya chakula, maana yeye mwenyewe alikuwa akila jikoni, amesimama. Kila Korongo aliyoipata kwa wazee wenzake aliifanyia kama afanyavyo fundi: aliipindua matairi juu, ikasimama kwa kiti na usukani, akakaa kwenye kigoda mnyororo ukimtazama usoni. Alipima kwa uzi. Kisha akaichora ikiwa imesimama sawasawa, akishusha chini kile alichokiona juu. Usukani aliuacha palepale alipouona, kushoto. Alichora kwa penseli, halafu kwa wino mweusi usiofutika. Nane zilimaliza miaka miwili.

Ya mkewe aliiacha mwisho. Hakukusudia; ni mazoea.

Baiskeli hiyo alikuwa ameirithi dada wa fundi. Mchana mmoja dada aliileta ichorwe, akaingia, akainama juu ya bango. Ni mwanamke wa maneno mengi, kwa hiyo aliponyamaza fundi aliingiwa na wasiwasi.

"Kaka, hizi zinakwenda wapi?"

"Kushoto. Huuoni usukani?"

"Nauona. Na minyororo naiona pia, ndiyo maana nauliza."

Fundi hakuelewa. Dada akainua kidogo upindo wa gauni lake. Upande wa kulia palikuwa na doa la mafuta, na juu ya doa palishonwa kiraka.

"Mimi si fundi," akasema. "Lakini mnyororo ule unaniuma kulia kila siku. Hata magauni ya wifi tuliyogawana, yote yana doa kulia. Sasa baiskeli ikielekea kushoto, mnyororo si uko ng'ambo? Wewe umeuonaje?"

Fundi alitoka nje. Aliisimamisha Korongo, usukani kushoto, akatafuta mnyororo, asiuone. Akaigeuza, usukani ukaja kulia, akauona. Miaka thelathini na mitano alikuwa amezijua baiskeli zikiwa kichwa chini, kama popo; kwenye karatasi aliziinua bila kuugeuza usukani. Alirudi ndani akakaa. Dada alianza kucheka, kisha akaona mwenziwe hacheki, akaacha. Akamwambia wateja hawatagundua, na Mungu ana mambo makubwa kuliko minyororo.

Fundi alitazama mikono yake. Miaka miwili mingine haikuwamo humo.

"Basi chora na hii kushoto hivyohivyo," dada akashauri, "angalau zilingane."

Fundi aliinuka, akachukua pampu.

"Ya wifi yako niliifanya mwisho maisha yake yote," akasema. "Leo siikosei makusudi ili ilingane na za watu."

Hakuipindua. Kwanza aliijaza upepo. Kisha akaona kava ya mnyororo imelegea, skrubu moja haipo, na kwa kutu iliyokuwamo tunduni akajua haipo tangu enzi za mkewe. Alitafuta skrubu katika kopo, akaifunga. Halafu akaiegemeza ukutani, usukani kulia, akaanza kupima. Dada akaondoka kwa miguu, akisema sasa ndiyo amekuwa wifi yake kwelikweli.

Ilimchukua wiki tano, mistari michache kwa siku, akipumzisha mkono juu ya goti. Bango likatundikwa karakanani: nane zinakwenda kushoto, moja inakuja kulia kuzikabili. Mteja akiuliza, fundi husema zile nane amekosea, hii amepatia, kisha anaendelea na kazi yake.

Dada alipokuja kuichukua baiskeli, fundi alisimama mlangoni akamtazama akiondoka mpaka kwenye kona. Matairi yalikuwa yamejaa. Upindo wa gauni ulipita kando ya mnyororo bila kuguswa. Akarudi ndani, akavuta kiti kwenye meza iliyokuwa sasa tupu, akakaa, akala.