Sanduku Nililolimwaga

Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilinipandisha kichwa. Wenzangu niliokodi nao chumba cha kompyuta pale mtaa wa Nakivubo walitengeneza tovuti kwa lugha za kawaida. Mimi nikajitia kwenye ile ya mabano chungu nzima, kisa unaweza kuibadilisha programu huku inaendelea kufanya kazi, bila kuizima. Nilijiona mjanja kweli.

Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa ya Wakongo waliokimbia vita, waachiane ujumbe wakitafuta ndugu zao. Niliianza kwa ajili ya jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu aliyeuza vitenge sokoni Kikuubo, aliyepotezana na mdogo wake njiani. Kila jioni akishafunga biashara alipita kuniuliza kama kuna neno, nami nilimjibu bado.

Asubuhi moja neno likaja. Mdogo mtu aliandika kwamba yu hai, mtoto wake yu hai, akaacha na namba ya simu ya kumpigia. Mwenye akili zake angetoka mbio mpaka Kikuubo. Mimi na kiherehere changu nikaona ukurasa umekaa vibaya, ngoja niupambe kwanza, mama akija aukute unapendeza. Nikabadilisha rangi, nikapakia faili upya huku programu inaendelea.

Sasa, ujumbe wote nilikuwa nimeuacha kwenye kumbukumbu ya programu tu, si kwenye diski. Na katika Lisp kuna namna mbili za kutangaza sanduku la kuwekea vitu: moja, ukipakia upya, huacha vilivyomo; nyingine hulianza sanduku upya, tupu. Nilikuwa nimetumia hiyo ya pili. Rangi ilikuja, bluu safi, na chini yake hapakuwa na kitu.

Jioni mama alipofika sikuweza kumtazama. Nikamwambia ujumbe ulikuja, nikaufuta mimi mwenyewe, na namba sikuinakili.

Akakaa. "Alisema nini?"

"Kwamba yu hai. Na mtoto pia."

"Sema tena."

Nikasema tena. Nilijiandaa kutukanwa, nilitaka nitukanwe. Badala yake akaniwekea mikono miwili kichwani, akaniombea baraka kwa Mungu, eti mimi ndiye niliyemletea habari. Kisha akaniuliza kesho apite saa ngapi.