Tisa ya Swali la Sita

Daktari alinikabidhi karatasi tatu zilizobanwa pamoja, akaniambia nizirudishe Jumatatu. Zilikuwa na maswali ishirini, yote yakianza namna moja: una hakika kiasi gani kwamba unaweza. Jibu ni namba, sufuri mpaka kumi. Nimesoma takwimu miaka minne, kwa hiyo nikamuuliza namba hizo zinapima nini hasa, hakika ya mtu au mazoea yake ya kujisifu. Akasema zinapima kama naweza kuyabeba maradhi yangu bila mama. Kisha akanikumbusha kwamba ni mimi niliyeomba barua.

Barua hiyo ndiyo iliyonikosesha utulivu wiki nzima. Nilikuwa nimepata kazi Nairobi. Bila barua ya kunihamishia kwa daktari wa huko singepata dawa, na bila dawa hakuna safari.

Nina sistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi ambayo hufanya makohozi yawe mazito kama gundi, na chakula hakisagiki tumboni bila vidonge. Jina lake nililijua nikiwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo nilitibiwa kifua kikuu mara mbili, na mtaa wetu mzima wa Kuze ulijua. Mpaka leo wapo wasiosadiki kwamba hakikuwa kifua kikuu. Asubuhi na jioni mama hunilaza ubavu, akanipigapiga mgongo kwa kiganja mpaka makohozi yalegee.

Fomu niliijaza nikiwa nimesimama. Tisa, tisa, nane, tisa. Swali la sita liliuliza kama naweza kula na watu, nikameza vidonge mbele yao na kukohoa inapobidi. Tisa. Halafu ile namba ikanikera. Mara ya mwisho nilikula na watu lini? Kwenye shughuli zote mimi ndiye ninayezunguka na birika la kunawisha mikono, na nikimaliza nakwenda kula sahani yangu jikoni kwa mama. Hiyo tisa niliitoa wapi?

Jumamosi binamu yangu alikuwa na karamu ya harusi. Birika nikamwachia mwengine, nikaketi mkekani kwenye sinia la watu wanne: mimi, ami yangu, jirani niliyesoma naye madrasa, na mtu wa bara anayefanya kazi na bwana harusi kwenye maghala ya Shimanzi. Pilau ikaletwa. Nikatoa vidonge vinne.

Ami akauliza ni vya nini. Nikasema vitamini. Akacheka, akasema mtu mwembamba hivi vitamini zamwendea wapi.

Tonge la tatu kikohozi kikaja. Nilikizuia mpaka macho yakajaa maji, kisha nikainuka mbio, nikatoka kichochoroni na kukohoa nimeegemea ukuta. Niliporudi, jirani yangu alikuwa ameketi sinia jengine, amenipa mgongo. Katika sinia letu wali ulikuwa umeliwa pande zote isipokuwa upande wangu, umesimama kama kipande cha keki. Sikujua kama wameniwekea au wameuogopa. Nikabaki nimesimama kama mjinga.

"Keti ule, nyama yapoa," ami akasema. "Huyo mwenzio amefuata mafupa ya sinia lile."

Yule mtu wa Shimanzi akanitazama usoni. "Ndugu, ni TB?"

Nikaketi.

"Siyo," nikasema. "Nimezaliwa nayo. Haiambukizi. Na hivi si vitamini, ni vya kusaga chakula."

"Basi kula," akasema, akakata nyama akaisukuma upande wangu.

Jirani hakugeuka. Nilikula, lakini nilipopaliwa tena nilitoka tena.

Usiku ule niliikata tisa nikaandika nne. Jumatatu daktari akaiona ile tisa iliyokatwa, akauliza, nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, katika yale majibu mengine kumi na tisa, mangapi nimeyajaribu.

Nikasema hata moja.

Hakuandika barua. Akanipa fomu mpya, tupu, akasema nirudi baada ya wiki tatu. Nikamwambia kazi yaanza mwezi ujao. Akasema basi wiki tatu zatosha. Nilitoka nimekasirika, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimekasirika zaidi, kwa sababu nilikuwa nimetafuta kosa katika hoja yake njia nzima na sikuliona.

Jioni mama akatandika taulo kama kawaida. Nikamwambia leo aache. Nikatoa kabatini kile kifaa cha kupuliza ili makohozi yalegee, nilichopewa hospitali mwaka jana, sijakigusa, nikaketi peke yangu. Mama akatoka, lakini kivuli chake kilibaki nyuma ya pazia.

Nikapuliza. Hakuna kitu. Nikapuliza kwa nguvu.

"Polepole," mama akasema nyuma ya pazia. "Wapuliza kama mtu awasha jiko la makaa."

"Mama, nimesema peke yangu."

"Kwani mimi niko humo ndani?"

Nikapuliza polepole. Baada ya robo saa kitu kikalegea kifuani, kidogo, upande mmoja. Nikavuta fomu mpya. Swali la kwanza lauliza kama naweza kusafisha mapafu bila msaada. Nikaandika tatu, kwa penseli, nikarudisha kifaa mdomoni.