Mvumo Ndani ya Kabati la Bi Mafundo

Ukifungua mashine ukakuta waya zimelala pamoja kama nywele zilizosukwa, uzi umepakwa nta, fundo kila baada ya vidole viwili, na mafundo yote yametazama upande mmoja, usiulize ni kazi ya nani. Ni ya Bi Mafundo huyo. Miaka ishirini na sita alifunga waya nyuma ya mitambo ya simu, na siku ya kustaafu alirudi nyumbani na mkebe wa nta, bunda la waya wa simu uliobaki, na amri moja ya msimamizi wake wa kwanza: usiwashe mtambo kabla hujafunga waya. Mafundi wenzake walimtania kwamba angepewa moshi angeufunga pia. Hakuwa akicheka. Kwake yeye waya unaoning'inia ulikuwa sawa na mtu mzima kutoka nje bila shati.

Mdogo wake alikuwa dereva wa malori, mtu wa kelele na mizaha, mpaka presha ya macho ilipompokonya jicho moja, kisha la pili. Sasa ulikuwa mwaka wa pili anaishi kwa dada yake, kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Miguu alikuwa nayo, nguvu alikuwa nazo, ila moyo ulikuwa umekufa ganzi. Chakula aliletewa pale pale. Redio aliwashiwa, akazimiwa. Ukimwambia twende nje tukanyooshe miguu, jibu lake lilikuwa moja tu: "Niache, dada." Bi Mafundo alikuwa akienda kuosha vyombo huku anauma midomo.

Binti wa Bi Mafundo, ambaye kazi yake ni kompyuta, ndiye aliyemletea habari za gemu linalochezwa kwa masikio. Unakimbia ndani ya pango. Kabla jiwe halijaanguka, kokoto moja hudondoka kwanza, kulia au kushoto, nawe unakwepa upande wa pili. Ujana wake wote mjomba mtu alikuwa haambiliki mbele ya mashine za gemu, zile kubwa kama kabati zinazochezwa umesimama. Binti alitaka kuliweka kwenye simu, lakini mama akakataa katakata. Alitaka mashine itakayomtoa mtu kitini. Akatoa nguo zake kabatini, akazipanga kwenye masanduku, akalikata lile kabati, akalitoboa matundu ya vitufe, akatia kompyuta kuukuu, amplifaya na spika mbili. Mwisho akazifunga waya zote kwa uzi na nta, toka juu mpaka chini, bunda moja safi. Hapo ndipo alipowasha.

Kabati likavuma. Mmmm, nene, bila kupumua. Mdogo wake aliyekuwa amebembelezwa mpaka akasimama alicheza kidogo, jiwe likamwangukia, la pili likamwangukia. "Sisikii kokoto," alisema. "Nasikia lori limeegeshwa na injini inawaka." Akapapasa kiti chake, akakaa.

Mwanamke yule hakulala usingizi wa raha tena. Alibadilisha amplifaya, ikavuma. Alibadilisha spika, zikavuma. Aliendesha amplifaya kwa betri ya gari, ikavuma vile vile. Alipochomoa waya wa sauti unaotoka kwenye kompyuta, kimya. Basi akajua mvumo unaingilia kwenye waya huo. Akautupa, akaweka mwingine kutoka lile bunda lake la simu, akaufunga kwa makini kuliko mwanzo, mafundo ya karibu karibu. Ukavuma zaidi. Akarudia tena, na tena ukavuma.

"Dada, basi," mdogo wake akamwambia. "Rudisha nguo zako kabatini. Mimi nimeshazoea hapa."

Neno hilo "nimeshazoea" lilimkata maini. "Mara moja ya mwisho," alisema. "Likivuma tena, nalipasua kuni kwa mkono wangu, na sitakusumbua tena."

Jumamosi mchana akaweka waya wa nne. Aliuchomeka kwenye kompyuta na amplifaya, akauacha unaning'inia, akaingia chumbani kutafuta nta. Mkebe haukuonekana. Alikuwa amepiga magoti anachungulia chini ya kitanda aliposikia sauti ambayo hakuwa ameisikia miaka miwili: mdogo wake anapaza sauti.

"Dada! Njoo!"

Alikimbia. Kiti kilikuwa kitupu. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya kabati, kidole kwenye swichi.

"Nani kakwambia uwashe? Waya hazijafungwa!"

"Umeme uko nyuma, mimi niko mbele. Nilitaka kusikia kama itavuma, nijue moja. Sikiliza."

Bi Mafundo alisikiliza, akadhani mashine imezimika. Kisha, tak, kokoto ikadondoka upande wa kushoto, nyepesi. Mkono wa mdogo wake ukaruka kulia.

Mtu mwingine angeishia hapo na kushukuru. Yeye alizima, akaleta nta, akafunga mafundo yake yote, akawasha. Mmmm.

"Umefunga, imerudi," alisema mdogo wake taratibu, kama alivyokuwa akisikiliza beringi ya gurudumu la lori inayotaka kufa. "Ulipokuwa hujafunga, ilikuwa kimya. Ni mafundo yako, dada."

Bi Mafundo alisimama na mkasi mkononi, uso unamwaka kwa haya. Kwenye mitambo ya simu waya zote zilibeba sauti tu, hakuna uliomdhuru mwenzake. Humu ndani alikuwa ameulaza waya wa sauti kifuani pa waya wa umeme, akaukaza fundo kwa fundo, umeme ukapenyeza mvumo wake ndani ya sauti, na kwa sababu ya amri ya msimamizi hakuwahi hata mara moja kuwasha kabla ya kufunga. Wa kulaumiwa alikuwa mkono wake mzuri, ule ule aliosifiwa nao maisha yake yote.

Lakini hakubisha, na hapo ndipo anapostahili sifa. Alizima umeme, akakata mafundo yote, moja baada ya jingine. Umeme akaupitisha kushoto, sauti kulia, mbali kadiri mbao zilivyoruhusu. Ilikuwa mbaya kutazama. Akafunga mlango wa nyuma kwa kufuli, fundi mwingine asije akaona.

Mdogo wake akacheza. Mawe kumi, ishirini, arobaini, bila kuguswa, mguu mmoja unapiga sakafu, mdomo unatukana pango kwa lugha ya barabarani. Chakula kikaiva. Dada yake akamwita, naye akajibu, "Ngoja." Akamwita tena. "Ngoja, nimekwambia!" Bi Mafundo akabaki amesimama nyuma yake na sahani, machozi yakimdondoka, akivuta kamasi.

"Dada," alisema bila kugeuka, "nenda ukalie jikoni. Sisikii kokoto."