Kagure Asawazisha Uwanja

Kombi ilipomwangukia mumewe, Magdaline Kagure alikuwa jikoni akimenya ndizi. Hakusikia mtu akipiga kelele. Alisikia bati likigonga kitu, kisha kimya, na kimya hicho ndicho kilichomtoa nje mbio, kisu kikiwa bado mkononi. Kingori alikuwa chali chini ya gari, miguu tu ikionekana, na jeki imelala ubavu kwenye tope jekundu. Ilikuwa Novemba 1976, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Kagure alipiga nduru. Wanawake waliokuwa wakipeleka kahawa kiwandani walitupa magunia njiani wakashuka. Jirani yake Wamucii aliwapanga upande mmoja wa gari, wanawake saba, wakainua kwa pamoja huku wakilia, naye Kagure akamvuta mumewe kwa miguu. Kingori alikaa hospitalini Nyeri miezi miwili. Alirudi na magongo, nyonga imeunganishwa vibaya, na maneno yake yamepungua.

Kanisani watu walimpa pole na kusema ni bahati mbaya. Kingori aliitikia kwa kichwa. Kagure alimtazama akiitikia, akahisi kuna kitu hakijasemwa.

Kombi haikuwa imeumia sana. Kabla ya ajali Kingori alikuwa akibeba ndizi kutoka Gakindu kwenda soko la Chaka, kule Kieni ambako ardhi ni kavu na ndizi hazioti. Sasa aliyeendesha ni Kagure. Alikuwa amefundishwa na mumewe huyohuyo kabla binti yao Watiri hajazaliwa, na mikono ilikuwa haijasahau. Lakini mwezi wa tatu pedali ya breki ilianza kuzama hadi chini. Paipu ya nyuma ya mafuta ya breki ilikuwa ikivuja, na kutoka kwao hadi barabara kubwa ni mteremko na kona tupu. Fundi wa Mukurweini aliahidi kuja Jumatatu tatu, na Jumatatu zote tatu hakuonekana.

"Nitaingia mimi chini ya gari," Kagure alisema asubuhi moja, wakinywa chai nje.

"Huwezi."

"Paipu utanionyesha wewe. Spana ziko. Kitu nisichojua ni kimoja tu, Baba Watiri. Sijui kwa nini ilikuangukia."

Kingori alizungusha kikombe mikononi. Chai ikapoa. Kagure hakuondoka, ingawa ng'ombe alikuwa akilia kwa kungoja kukamuliwa.

"Niliona jeki ikiegemea," Kingori alisema hatimaye. "Niliiona kwa macho yangu. Chini kulikuwa laini, nikaweka jiwe, na jiwe nalo likaanza kuzama. Nikajiambia, ni kazi ya dakika mbili." Aliangalia magongo yake. "Kila mtu anasema bahati mbaya. Mimi ninajua."

Kagure alitamani kumkemea, tena alitamani kumshika mkono. Hakufanya hata moja. Alienda kukamua ng'ombe, na alipokuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa kikiegemea ubavu wa mnyama, ndipo hasira ilipompanda na kumshuka. Dakika mbili. Yeye mwenyewe alikuwa amekwea miti iliyooza mara ngapi ili kuokoa dakika mbili?

Siku iliyofuata alichukua jembe. Mashamba ya Gakindu yamelala mgongoni mwa milima, hata uwanja wa nyumba huteremka. Akiwa msichana, wakati wakoloni walipotangaza hali ya hatari, Kagure alichimba mitaro ya kuzuia udongo kwa kulazimishwa, mgambo amesimama juu yake. Sasa alichimba kwa hiari, siku nne, akikata upande wa juu wa uwanja na kujaza upande wa chini, akishindilia kwa gogo. Wamucii alisimama kando ya ua akacheka.

"Unachimbia gari kaburi?"

"Ninalitengenezea kitanda."

Ndungu, mchomeleaji wa Mukurweini, alimtengenezea stendi mbili za chuma nene, miguu mitatu kila moja. Kingori alizikagua moja moja, akazigonga kwa gongo, akaomba moja irudishwe ichomelewe upya. Ndungu alinung'unika, akachomelea.

Asubuhi ya kazi, Kingori alikaa kwenye kigoda akitoa maagizo. Gia. Breki ya mkono. Kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Ubao mpana chini ya jeki. "Jeki inainua tu," alisema. "Haishiki. Sasa weka stendi. Sasa shusha jeki, gari likae juu ya stendi. Sukuma gari. Sukuma sana!" Kagure alisukuma kwa bega. Kombi haikutikisika. Akaiacha jeki ikigusa tu chuma cha gari, iwe ya akiba, akajilaza kwenye gunia na kujisogeza ndani.

Kulikuwa na giza kidogo na harufu ya mafuta. Alikuwa amelegeza nati ya kwanza jeki ilipotoa sauti kama mtu anayepumua, ikazama.

"Kagure!" Gongo lilianguka. Kingori alikuwa amejitupa kwenye bampa, ameishika kwa mikono miwili kama anayeweza kuizuia.

"Niko sawa," Kagure alisema kutoka chini. "Iko kwenye stendi. Haijashuka hata kidogo. Achilia, utajiumiza."

Alitoka, akamkuta mumewe ameketi kwenye udongo, akilia bila kujificha. Kagure aliketi kando yake. Kingori akajipangusa uso kwa mkono wa shati na kusema, "Mpira wa kuzuia mafuta ndani ya jeki umekufa. Tutaubadilisha." Kagure alilisukuma gari tena kulijaribu, akarudi chini, akamaliza.

Miaka iliyofuata watu wa Gakindu walizoea kuleta magari yao kwenye uwanja ule uliosawazishwa. Aliyekuja na mawe ya kuegemeza gari alirudishwa nyumbani, hata awe mwalimu mkuu. Kingori alitupa gongo moja, akabaki na lingine. Na siku moja ya Agosti, bila kumwambia mtu, alijilaza kwenye gunia, kwa mara ya kwanza tangu ajali, akajiburuta polepole chini ya kombi. Kagure alimwona kutoka mlangoni. Alikwenda akaketi karibu na miguu yake, akaanza kumweleza habari za bei ya ndizi Chaka, na hakunyamaza mpaka mumewe alipotoka.