Fundi difu wa Tiznit na mshale uliosimama wima

Saa mbili asubuhi, Belaid Aznag amelala chali chini ya vani nyeupe katika mtaa wa magereji wa Tiznit, kusini mwa Morocco. Tairi moja la nyuma limeinuliwa kwa jeki, la pili limekanyaga chini. Amechora mstari wa chaki kwenye tairi lililo juu na mwingine kwenye propela shafti, mhimili unaopeleka mzunguko wa injini nyuma. Anazungusha tairi mara mbili kamili, taratibu, huku midomo ikihesabu mizunguko ya shafti.

"Nne na kidogo," anasema. Badala ya kutoka, anarudisha tairi mwanzo na kuhesabu tena. Hii ni mara ya tatu.

Mwenye vani, mfanyabiashara wa zeituni, anashindwa kuvumilia. "Fundi, hiyo ni difu au ni mahari? Mbona unahesabu hivyo?"

Belaid hacheki. Watu wa mtaa huu wanasema zamani alikuwa mtu wa kucheka kabla hata utani haujaisha. Ana umri wa miaka hamsini na moja, mwembamba, vidole vyeusi kwa girisi ambayo mkewe ameshakata tamaa nayo. Tangu mwaka jana, kila gari linalopita mikononi mwake huhesabiwa mara tatu, kisha yeye mwenyewe hupanda na kwenda nalo barabara kuu.

Kueleza kazi yake si ngumu. Vani nyingi za huku ni za Kijerumani za miaka ya themanini, zilizotengenezwa kubeba mizigo mizito mjini na milimani. Difu zake, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha matairi, ni fupi: injini inazunguka sana, tairi linazunguka kidogo. Mjini hakuna neno. Lakini madereva wa Tiznit huenda Guelmim, Tan-Tan na kuendelea, mamia ya kilomita za jangwa lililonyooka, na kwenye mwendo wa themanini injini inapiga kelele hadi watu wanaongea kwa mikono.

"Shemeji yangu Hmad anabeba mboga kwenda Tan-Tan," anasema Belaid. "Alikuwa akifika nyumbani unamsalimia leo, anakuitikia kesho."

Kwa Hmad ndiko alikoanzia. Kwenye uwanja wa magari mabovu alipata difu ya gari jingine la aina ileile, lililokuwa la kubeba wagonjwa. Krauni, gia kubwa ya ndani, ilikuwa na meno arobaini na moja, sawa na ya Hmad. Pinioni, ile ndogo inayoizungusha, ilikuwa na meno kumi, ya Hmad ilikuwa na manane. Akaifunga. Injini iliyokuwa ikizunguka mara elfu nne kwa dakika ikashuka hadi elfu tatu na mia mbili kwa mwendo uleule, na dizeli ikapungua kutoka lita kumi na tatu hadi kumi na moja kwa kila kilomita mia.

Habari ikaenea. Kwa dirham elfu moja na mia nane, vifaa ndani yake, Belaid alikuwa anawanyamazishia watu injini. Wiki hiyohiyo alikuja Mzee Mbark.

Mzee Mbark, miaka sitini na saba, aliendesha vani ya abiria ya vijiji vya Tiznit kwa miaka thelathini na tisa bila kugusa hata punda. Akina mama wakisafiri kwenda harusini walimtafuta yeye kwanza, na akiwa hayupo wengine waliahirisha safari. Alikuwa akizima simu kabla ya kuwasha gari na kuifungia kwenye droo ya dashibodi. Na alikuwa na kitu ambacho karibu hakuna dereva mwingine mjini aliyekuwa nacho: mshale wa spidi unaofanya kazi.

"Hilo lazima ulielewe," anasema Belaid, na hapa anafuta mikono ingawa haijachafuka upya. "Kwenye magari yetu mishale ilikufa zamani. Dereva anasikiliza injini, anajua hii ni sitini, hii ni themanini. Mimi nimefungua difu miaka ishirini na sita na sikuwahi kuutazama mshale wa mtu, kwa sababu haukuwepo wa kutazama."

Alimfungia Mzee Mbark difu mpya siku ya Jumanne. Mzee alizunguka nayo mjini, akarudi anatabasamu. "Mwanangu," alimwambia, "leo nimesikia kikohozi cha mke wangu akiwa kiti cha nyuma."

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, vani hiyo iliondoka na wanawake kumi kwenda harusini Guelmim. Walibeba ngoma, hina, na kila mmoja na koni yake ya sukari, bonge refu lenye ncha, ya kumpa mama wa bibi harusi. Mmoja wao alikuwa Bi Ijja, mama mzazi wa Belaid, mwenye miaka sabini na minne. Alikaa nyuma ya dereva, mahali anapopapenda.

Saa nne, simu ya Belaid ikalia. Alikuwa Hmad, kando ya barabara karibu na Tan-Tan, sauti imempanda.

"Shemeji, umeniponza! Askari wamenipiga kamera. Wanasema nimekwenda tisini na tisa."

"Wewe? Wewe unayepitwa na ngamia?"

"Naapa sikuzidi themanini. Injini ilikuwa inaimba themanini ileile ninayoijua."

Belaid alicheka hadi akakaa kwenye tairi bovu. Bila shaka ilikuwa inaimba themanini. Injini ileile, sauti ileile, lakini sasa kila mzunguko wake ulikuwa unalisukuma gari mbali zaidi, robo nzima zaidi. Sikio la Hmad lilikuwa limebaki kwenye difu ya zamani.

"Jifunze wimbo mpya, shemeji," alimwambia.

Kisha kicheko kikamkatika. Mshale wa spidi hauhesabu matairi. Kebo yake inatoka kwenye gia boksi, inahesabu mizunguko ya shafti, kabla ya difu. Kama sikio la Hmad limedanganyika, basi na mshale wa Mzee Mbark umedanganyika, kwa kiasi kilekile. Palipoandikwa sitini palikuwa sabini na tano. Kulikuwa na gia ndogo ya plastiki, ya ukubwa wa kifungo cha koti, iliyopaswa kubadilishwa pamoja na difu. Hakuibadilisha. Hakuikumbuka hata kidogo.

"Nikasimama ghafla," anasema. "Nilitazama saa. Walikuwa wanakaribia Mighert."

Mteremko wa mlima Mighert una kona zinazofuatana, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Mzee Mbark aliushuka kwa gia ya tatu, mshale sitini, kwa miaka thelathini na tisa. Sasa sitini haikuwa sitini, na gia ya tatu haikushika tena gari kama zamani. Belaid alipiga simu ya Mzee mara kumi na nne akijua kwamba imezimwa na imo ndani ya droo.

Aliazima gari la jirani na kukimbia. Hakumbuki njia. Anakumbuka tu kwamba kila alipoona mtu amesimama barabarani, alipunguza mwendo kumtazama.

Aliwakuta kwenye kona ya nne. Vani ilikuwa imejikita pua kwenye udongo upande wa mwamba, taa zimepasuka, redieta inavuja. Mzee alipoona kona inamshinda alichagua mlima badala ya bonde. Wanawake walikuwa wameketi ukingoni, mashungi yamejaa vumbi, mmoja analia, wengine wanahesabiana. Wote kumi walikuwa hai. Bi Ijja alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto uliovunjika kwenye kiwiko, na kwenye mapaja yake ilikuwepo ile koni ya sukari, nzima.

"Umekuja na maji?" alimuuliza mwanawe. "Au umekuja kusimama tu?"

Mzee Mbark alikuwa ameketi mbali nao, amevua viatu. Alipomwona Belaid alinyanyua mkono wenye funguo.

"Nimezeeka, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naona sitini. Wallahi nilikuwa naona sitini. Macho yangu yamekwisha. Chukua, uliuze."

Hapa Belaid anafuta chaki kwenye tairi kwa kitambaa. Mfanyabiashara wa zeituni naye ameacha kutazama saa.

"Nikazichukua," anasema hatimaye. "Nikazitia mfukoni. Sikusema neno."

Kwa siku tatu hakusema. Mjini ikawa inasemwa kwamba Mzee Mbark haoni, kwamba alikuwa haoni siku nyingi, kwamba ni Mungu tu. Mtoto wake wa kiume alimpeleka kwa daktari wa macho. Wanawake waliopanda gari lake kwa miaka thelathini walijikamata vifua wakikumbuka safari zilizopita. Na Belaid alikwenda gereji, akarudi, akala, akalala. Anaposimulia haya hajifichi, na anayemsikiliza anashtuka zaidi kwa siku hizo tatu kuliko kwa ajali yenyewe.

Aliyeifichua siri ni mtu asiyejua kusoma. Jioni ya tatu, Bi Ijja, plasta mkononi, alikuwa akichovya mkate kwenye mafuta ya argan, mwanawe ameketi mbele yake.

"Nilikuwa nyuma ya Mbark," alisema. "Namba sizijui. Lakini ule mshale naujua, miaka yote nautazama. Tukishuka Mighert husimama wima, katikati, kama mtu anayeswali. Siku ile nao ulisimama wima. Sasa macho ya Mbark yamekwisha, na yangu pia?"

Belaid alimsogezea bakuli la mafuta.

"Jumanne alikuja kwako," mama akaendelea. "Uligusa nini?"

Anasema hajawahi kuogopa kitu kama alivyoogopa swali lile, na mama yake hakupandisha hata sauti.

Kesho yake, saa ya chai, alikwenda kwenye mkahawa wanapokaa madereva. Mzee Mbark alikuwa pembeni, peke yake, meza ambayo zamani haikuwa na nafasi. Belaid alisimama katikati na kusema wote wasikie: mshale ulidanganya, aliyeufanya udanganye ni yeye, na Mzee hakukosea kitu. Akaweka funguo mezani.

Mzee Mbark alizitazama funguo bila kuzigusa.

"Nilikwambia barabarani kwamba nimekuwa kipofu," alisema. "Ukanitazama, ukaniacha niwe kipofu siku tatu."

Akanyanyuka, akaondoka. Tangu siku hiyo hamwiti Belaid mwanangu. Anamwita fundi.

Vani hiyo sasa imesimama nyuma ya gereji, imenyooshwa, imepakwa rangi, gia ndogo ya plastiki imebadilishwa. Belaid alijitolea kurudisha difu ya zamani. Mzee alituma jibu kupitia kwa Hmad: "Mwambie gari halina kosa." Funguo zimening'inia kwenye msumari kwa miezi kumi na moja.

Wateja wamepungua. Zamani alifunga difu nne kwa mwezi, sasa mbili, maana wengine hawana subira na mahesabu yake. Yeye hajali. Vani nyeupe inaposhuka kwenye jeki anapanda pamoja na mwenye zeituni hadi barabara kuu, palipo na mawe ya kilomita. Anamwambia ashike sitini, naye anatoa saa. Ukiwa sitini ya kweli, jiwe hadi jiwe ni dakika moja. Vani ya Mzee Mbark siku ile ingetumia sekunde arobaini na nane. Belaid angegundua kosa katika kilomita moja tu.

"Sitini," anasema wanapopita jiwe la pili, na kuirudisha saa mfukoni.

Wanaporudi, mlango wa vani iliyo nyuma ya gereji uko wazi. Mzee Mbark ameketi kwenye usukani, kanzu safi, viatu vyeusi. Hatazami upande wa Belaid. Anautazama mshale, uliolala kwenye sifuri.

"Mama yako amenitumia ujumbe," anasema. "Eti kuna aqiqa ya mtoto Guelmim Alhamisi, na hapandi gari jingine."

"Ndiyo, Mzee. Nami nilikuwa natumaini..."

"Kiti cha nyuma yangu ni chako siku hiyo. Yeye atakaa mbele." Anafunga mlango kwa upole, kama mtu aliye nyumbani kwake. "Tukifika Mighert, utanisomea mshale kwa sauti, fundi. Mteremko wote."

Belaid anasema atakuwepo. Koni ya sukari ameshainunua.